Bibi harusi, usihesabu bei ya mkate peke yake: niliyoyaona Tashkent



Wiki iliyopita alikuja dukani kwangu bibi harusi mtarajiwa pamoja na shangazi yake. Nilikuwa nampima kwa ajili ya vazi la nikaha, tepu iko kiunoni, shangazi akaanza kunihadithia kwa furaha. Mposaji amepata kazi ya hoteli Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistani, na harusi ikisha bibi harusi atamfuata huko. "Na kule maisha rahisi," akasema. "Nimeoneshwa kwenye simu. Mkate mkubwa haufiki hata nusu dola. Tena ni nchi ya Waislamu, mwanangu hatapata tabu."

Nikanyamaza, nikaendelea kuandika vipimo. Shangazi hakujua kuwa mimi nimeishi Tashkent miezi 14, tangu Septemba 2023 hadi Novemba 2024, nilipomfuata mume wangu aliyekuwa na mkataba wa kazi. Na kila alilolisema ni kweli. Mkate ni rahisi, na nchi ni ya Waislamu. Lakini mimi nilikwenda na bangili tatu za mahari yangu, nikarudi na moja. Mume wangu si mlevi wala si mtu wa anasa. Ni hesabu tu ambayo hakuna aliyeipiga kabla sijapanda ndege. Bibi harusi nilimwambia yangu kabla hajatoka dukani, na leo nawaambia na nyinyi.

Kilicho rahisi ni rahisi kweli

Sitaki kuwasingizia watu wa kule, maana walinipokea vizuri. Neno lao la mgeni ni mehmon, na mehmon kwao hakai bila ya chai na mkate mbele yake. Hata maneno yao mengine utadhani yametoka kwetu: kitob ni kitabu, vaqt ni wakati, dunyo ni dunia, xabar ni habari. Tanuri la mkate wanaliita tandir. Na ukimaliza kula mkahawani, unachoomba ni hisob, yaani hesabu. Neno hilo nililijifunza wiki ya kwanza, maana yake ikanijia baadaye.

Sokoni Chorsu, chini ya lile kuba kubwa la buluu, nilikuwa nanunua mkate wao wa duara, non, kwa som elfu nne au tano. Wakati ule dola moja ilikuwa zaidi ya som 12,000. Treni ya chini ya ardhi nauli yake haifiki nusu dola, na stesheni zake ni safi, zimepambwa kwa marumaru kama ukumbi wa harusi. Majira ya joto matikiti na aprikoti ni tele mpaka unaona haya kupatana bei. Palov yao, mchele na karoti na nyama ya kondoo, ukila unakumbuka pilau ya nyumbani.

Na umeme? Mei 2024 walipandisha bei, jirani yangu akalalamika mwezi mzima. Bei mpya ilikuwa som 450 kwa uniti kwa uniti 200 za mwanzo, yaani kama senti nne za dola. Mimi nikacheka kimoyomoyo.

Kwa hiyo zile orodha za mtandaoni zinazosema Uzbekistani ni nchi rahisi kwa mgeni hazisemi uongo. Lakini tazama nani anaziandika. Wengi ni watu wanaolipwa mishahara ya Ulaya, au vijana wanaofanya kazi kwenye kompyuta zao, hawana mama wa kumtumia pesa ya dawa wala mdogo wa kumlipia ada. Katika orodha hizo sijawahi kuona mstari wa "pesa ya nyumbani". Kwetu sisi huo ndio mstari wa mwanzo.

Ghali iko wapi?

Iko kwenye paa la nyumba. Mwaka 2022, baada ya vita vya Urusi na Ukraine kuanza, Warusi wengi walihamia Tashkent na kodi za nyumba zikapanda ghafla. Sisi tulifika mwaka uliofuata, tukakuta bei bado ziko juu. Fleti yetu ilikuwa ya vyumba viwili, ghorofa ya nne, jengo la zamani la wakati wa Kisovieti, lifti hakuna. Kodi dola 550 kwa mwezi.

Hizo ni karibu som milioni saba. Mwaka 2024 mshahara wa wastani nchini kwao ulikuwa som milioni tano na kidogo. Maana yake sisi wageni tulilipa kwa kulala tu zaidi ya anachopata mwenyeji kwa kufanya kazi mwezi mzima. Mwenyeji yeye anakaa nyumba ya ukoo, na kuku wake uani. Bei ya mkate ni moja kwa wote, lakini bei ya kuwa mgeni analipa mgeni peke yake.

Halafu kuna mwezi wa mwanzo. Tulilipa kodi ya mwezi, dola 550. Dhamana ya mwenye nyumba, dola 550 nyingine. Dalali akachukua nusu ya kodi, dola 275. Jumla dola 1,375. Mshahara wa mume wangu ulikuwa dola 1,400. Yaani mshahara mzima umekwisha na bado hatujanunua sufuria.

Na usikubali fleti kwa kuangalia bei tu. Mgeni kule lazima asajiliwe mahali anapokaa, na siku za kufanya hivyo ni chache tangu anapofika. Wapo wenye nyumba wanaokupa bei ndogo kwa sababu hawataki kukusajili, wanakwepa kodi ya serikali. Ukiikubali bei hiyo, mwenye kosa mbele ya polisi ni wewe.

Baridi nayo ina gharama yake. Sisi watu wa kisiwani tunajua kipupwe, hatujui theluji. Januari Tashkent maji yanaganda barabarani. Miezi michache kabla hatujafika, Januari 2023, ilipiga baridi kali mno, gesi na umeme vikakatika, na watu mpaka tulipofika walikuwa bado wanaisimulia. Makoti mawili mazito, viatu vya manyoya, soksi na nguo za ndani za sufi vilitugharimu dola 320. Baibui langu la hariri nililolishona mwenyewe kwa ajili ya safari lilikaa sandukuni mpaka Aprili.

Baridi ikiingia, nyanya na tango vinapanda bei. Jirani yangu, mama mtu mzima niliyemwita opa kama wanavyowaita dada wakubwa, alinionea huruma. Wao huweka nyanya na matango kwenye chupa za siki na chumvi tangu Agosti. Mgeni hajui hilo mpaka majira yamempita. Mwaka wa pili nilijua, lakini mwaka wa kwanza nilishalipa ada ya ujinga.

Na samaki! Uzbekistani iko mbali na bahari kiasi kwamba ukitoka nje ya mpaka wake, upande wowote ule, unaingia nchi nyingine ambayo nayo haina pwani ya bahari kuu. Duniani nchi za namna hiyo ziko mbili tu, nyingine ni Liechtenstein kule Ulaya. Mimi niliyezoea samaki wa Darajani nilikuwa nanunua samaki wa barafu kwa bei ya kusikitisha, na nazi ya kopo kwa bei ambayo ukimwambia bibi yangu ataomba maji ya kunywa. Utasema hayo ni matamanio. Sawa. Lakini ukiwa na miezi minane hujaonja mchuzi wa nazi, na Ramadhani imeingia, hilo kopo utalinunua.

Wenye watoto nawaongezea hili: skuli za kimataifa Tashkent zipo ambazo ada yake inazidi dola 10,000 kwa mwaka. Skuli za serikali zinafundisha kwa Kiuzbeki na Kirusi. Kama mkataba wa mume hautaji ada ya watoto, ulizeni mapema.

Nchi ya Waislamu haiondoi gharama

Shangazi alilitaja hili kama bima, na mimi nilifikiri hivyo hivyo. Nchi ya Imam Bukhari na Imam Tirmidhi, nani asingefurahi? Na kweli nyama ya halali inapatikana kila mtaa, na mtandio wangu haukunipa tabu hata siku moja. Lakini desturi si zetu. Wanawake wengi kule husali majumbani, na mimi niliyezoea darsa za msikitini Ijumaa nilikuwa mpweke kwa muda mrefu. Na dada zangu mnaovaa nikabu mjue kuwa tangu mwishoni mwa 2023 sheria yao inakataza kufunika uso hadharani, na kuna faini. Heri ulijue kabla ya safari, usilijulie uwanja wa ndege.

Upweke pia una bei. Mimi niliulipa kwa bando za intaneti za kuzungumza na mama kila usiku, na kwa teksi za kwenda upande wa pili wa mji kumtembelea dada mmoja wa Kisomali aliyekuwa mwenzangu pekee wa kukaa naye.

Hesabu yetu

Baada ya mwezi wa mwanzo, hesabu yetu ilikuwa hivi. Mshahara dola 1,400. Kodi 550. Chakula 300. Umeme, gesi, maji, mabomba ya joto, simu na intaneti 60. Usafiri 40. Pesa ya nyumbani 250, kwa mama yake na mama yangu. Kinachobaki ni dola 200.

Dola 200, ukizileta kwa shilingi wakati ule, ni kama laki tano. Na sasa nawaambia kitu ambacho kilinikosesha usingizi siku nilipokijua. Duka langu la kushona, kabla sijalifunga, lilikuwa likiniingizia faida ya laki tano mpaka sita kwa mwezi, na msimu wa harusi na kabla ya Iddi zaidi ya hapo.

Yaani tumevuka bahari na majangwa ili tubaki na kile kile kilichokuwa kikitoka kwenye cherehani yangu.

Siku tuliyokaa na wazee kuzungumza safari, kila mtu alihesabu mshahara wa mume. Baba mkwe aliugeuza kwa shilingi, akasema milioni tatu na nusu, mashaallah. Hakuna aliyelihesabu duka langu. Hata mimi mwenyewe sikulihesabu. Niliona ni kazi ya mkono, pesa ya vitambaa na vitu vidogo vidogo. Wakati ilikuwa ndiyo inayolipa umeme, mchele, na michango ya harusi za watu.

Kule sikuweza kufungua duka. Mgeni anahitaji kibali kufanya kazi, na mimi karatasi zangu zilisema ni mke wa fulani. Na hata ningepata kibali, ningemshonea nani? Mafundi wanawake Tashkent ni wengi, hodari, na bei zao ndogo. Nilikuwa nakaa dirishani natazama vitambaa vyao vya adras na atlas vinavyofumwa Margilan, bonde la Fergana, na mikono inaniwasha. Adras ya mkono ni nyembamba, upana wake hautoshi hata gauni bila ya kuunga. Kichwani nilishona magauni hamsini, mkononi hata moja.

Bangili

Februari 2024 mama yangu alipatwa na kiharusi. Tiketi ya haraka kupitia Dubai, kwenda na kurudi, ilikuwa zaidi ya dola 900. Akiba yetu haikufika nusu yake, maana ilikuwa imekwenda kwenye makoti na dhamana ya nyumba. Mume wangu alitoa alichokuwa nacho. Mimi nikavua bangili mbili.

Sonara wa kule alizipima uzito, basi. Nakshi za sonara wetu wa Mkunazini, ambazo mama alizisifu siku ya harusi, hazikuhesabiwa hata senti. Nilisaini, nikapokea, nikaenda kukata tiketi. Namshukuru Mungu nilimkuta mama hai, na mpaka leo anatembea kwa mkongojo.

Sijutii bangili kwa ajili ya mama. Ninachojutia ni kuwa mimi na mume wangu hatukuandikiana. Mahari ni haki ya mke peke yake, na matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume kwa kadiri ya uwezo wake. Mambo hayo tumefundishwa tangu chuoni, sihitaji kuwa sheikh kuyasema. Mke akitoa kwa ridhaa yake ni ihsani. Akikopesha ni deni, na deni dini yetu imetuelekeza liandikwe. Sisi hatukusema ni lipi kati ya hayo mawili. Yeye akadhani nimetoa, mimi nikadhani nimekopesha, na dhana hizo mbili zilikaa mezani kwetu kila tulipokula, miezi mitatu. Mpaka siku moja nikamwambia, tuandike. Tukaandika. Bangili moja ameshairudisha, ya pili inakuja inshaallah. Siku tuliyoandika ndiyo siku nyumba ilirudi kuwa nyumba.

Watakaosema nawaharibu wasichana

Najua wapo watakaosema kuwa namfundisha bibi harusi kumchungulia mume mfuko, na kwamba riziki inatoka kwa Mwenyezi Mungu. Riziki inatoka kwake, hilo halina ubishi. Lakini hata mimi ninayeamini hivyo siwezi kukata kitambaa cha mteja kabla ya kupima. Kupima si kukosa imani. Kitambaa kikishakatwa vibaya, dua haikirefushi.

Wala sisemi msiende. Mwanamume anayepata kazi ya halali ugenini anastahili mke wa kusimama naye, na wapo waliokwenda Tashkent wakajenga nyumba zao huku. Nilipowatazama, wengi wao walikuwa na jambo moja: nyumba imelipwa na mwajiri. Kodi ikitoka kwenye hesabu, ile nchi rahisi inakuwa rahisi kweli.

Kwa hiyo kabla ya nikaha, si baada yake, kaeni na wazee, ulizeni haya:

1. Nyumba analipa nani? Na nauli ya kurudi kila mwaka, ni ya mume peke yake au na mke?

2. Mshahara umeandikwa kwa pesa gani? Septemba 2017 serikali ya kule ilipoiachia pesa yao, dola ilitoka kama som 4,200 ikafika kama 8,100 kwa siku moja. Ilipofika 2024 ilikuwa imepita 12,000. Anayelipwa som huku kodi yake imetajwa kwa dola, som ikishuka anapungukiwa bila ya kupunguziwa mshahara.

3. Mwezi wa mwanzo mtauvuka kwa pesa ya nani?

4. Pesa ya nyumbani ni kiasi gani, na ya wazazi wa nani?

5. Bibi harusi anaacha nini? Kama ana duka, kazi au darasa la watoto, andikeni faida yake kwenye karatasi ile ile yenye mshahara wa mume. Na semeni atakachokishika mwenyewe akiwa kule.

6. Pesa ya dharura, ya tiketi moja, iko wapi, na haiguswi kwa nani?

Kama mnaona haya kuulizana, mtumieni mjomba au somo aulize. Na mkiwa na sharti mnataka liingie kwenye ndoa, nendeni kwa kadhi au sheikh mnayemwamini, msijitungie wenyewe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bei ya mkate ni ile ya siku mbili za mwanzo. Hizo hesabu sita ndizo za siku ya tatu na kuendelea.

Yule bibi harusi wangu nilipomaliza kumpima nilimwambia haya yote, mbele ya shangazi. Shangazi alinuna kidogo. Bibi harusi akauliza swali moja tu: "Dada, hilo duka lako ulilifungaje?" Nikamwambia nilifunga kwa kufuli, nikauza cherehani mbili kwa bei ya kutupa, na niliporudi nikaanza upya. Yeye anapamba hina, na wateja wake ni wengi. Jana alinipigia simu kunijulisha kuwa wamekaa na mposaji, wamepiga hesabu, na wamekubaliana mume atangulie miezi sita, atafute nyumba, yeye afuate baadaye akiwa na akiba yake ya hina ambayo haitaguswa.

Vazi lake nimelimaliza. Mwenyezi Mungu aijaalie ndoa yao iwe na utulivu na huruma, azibariki riziki zetu zilizo nyumbani na zilizo ugenini, na awarudishe salama wote walio mbali na mama zao. Amin.